Kutu Chini ya Land Rover Kuukuu



Leo sisemi habari za mbegu wala za palizi. Leo nawaomba tutandike gunia, tulale chali, tulitazame gari kwa chini, mahali ambapo mwenye gari hapatazami mpaka siku ya msiba. Nazungumzia Land Rover kuukuu, zile zilizotengenezwa Uingereza kabla ya mwaka 1985, ambazo mpaka leo zinapanda milima yetu ya Mbinga na mizigo. Gari kama hilo lina umri wa miaka 40 na zaidi. Vikundi vingi vinaliokota mahali limesimama, vinataka kulifufua ili lifanye kazi tena. Ni jambo jema. Lakini kuna namna ya kulifufua gari, na kuna namna ya kulizika huku unaamini kwamba unalifufua.

Mimi si fundi wa kusomea. Ni mkulima wa kahawa, na kwa miaka mingi ndiye dereva wa gari la kikundi chetu. Haya ninayowaeleza nimejifunza kwa hasara, na hasara yenyewe niliifanya kwa mikono yangu.

Gari letu tulilinunua likiwa limesimama chini ya mwembe. Ni lile refu la 109. Hiyo namba ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma. Bodi yake ilikuwa nzima, haina hata tundu moja la kutu. Tukafurahi sana. Mzee mmoja akaipiga kofi ubavuni akasema, chuma cha Mwingereza hiki.

Kumbe sicho chuma. Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, na wakati ule Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kilikuwa adimu. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, na alumini haipati kutu nyekundu. Lakini chasisi, yaani yale maboriti marefu yanayobeba injini, bodi na mzigo wote, ni chuma cha pua. Tena si chuma kizito kama reli. Ni mabamba yenye unene wa kama milimita 2, yamechomelewa yakawa sanduku refu, tupu ndani kama mwanzi. Basi ukiona Land Rover bodi inang'aa, ujue hujaona kitu bado. Gari linaweza kuwa limevaa shati safi juu ya mifupa iliyooza.

Tulipoinama tukaona kutu kidogo, si nyingi. Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua zinaendelea, na tulikuwa na haraka. Mimi ndiye niliyetoa shauri. Tukanunua lami, tukaipasha moto, tukaipaka chini yote kwa siku moja, juu ya kutu, juu ya tope lililokauka nusu, juu ya kila kitu. Gari likawa jeusi, linapendeza kabisa. Waliopita njiani walidhani tumeweka chasisi mpya.

Baada ya misimu miwili ya mvua, tukishuka mteremko na magunia 14 ya kahawa, chasisi ilikatika. Ilikatika nyuma kidogo ya kiti cha dereva, pale springi ya nyuma inaposhikwa kwa upande wa mbele. Gari lilikaa chini kama ng'ombe aliyevunjika mgongo. Mpwa wangu alikuwa ameketi juu ya magunia, akarushwa, akavunjika mguu. Kahawa tuliiokota. Mguu ulichukua miezi mingi kupona, na mpaka leo wakati wa baridi humsumbua.

Tulipoibandua lami iliyobaki, ilitoka pamoja na chuma, vipande vyembamba kama ganda la yai.

Sasa, kwa nini? Si lami inazuia maji?

Ndugu wakulima, kutu ya chuma si ile kutu ya majani ya kahawa mnayoifahamu. Ile ya kahawa ni ukungu, ina mbegu zake, hupeperushwa na upepo kutoka shamba hadi shamba. Kutu ya chuma haina uhai. Inahitaji vitu viwili tu, maji na hewa, vikutane juu ya chuma. Ukikinyima chuma kimoja kati ya hivyo viwili, kutu haiendelei. Kwa hiyo lami, kwa akili ya kawaida, ingefaa. Lakini sisi tuliipaka juu ya kutu na tope ambavyo tayari vilikuwa vimebeba unyevu. Tulifunga adui ndani ya nyumba tukakaa nje na ufunguo. Tena kutu ina tabia ya kuvimba: chuma kikigeuka kutu hutaka nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Inaiinua lami, lami inapata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, maji yanaingia, na yakishaingia hayana pa kutokea.

Na kosa kubwa kuliko yote ni hili. Chini ya maboriti ya chasisi mna vitundu vya kutolea maji. Waliotengeneza gari walijua kuwa maji yataingia tu, gari likivuka mto au likiendeshwa kwenye mvua, basi wakayaachia mlango. Sisi tulivipaka lami vyote. Chasisi yetu ikawa mtungi. Ilioza kutoka ndani kuja nje, na nje tulikuwa tunaona weusi unaong'aa.

Kuna na jambo jingine linalotuhusu sisi wakulima kuliko watu wa mjini, nalo ni mizigo yetu. Mbolea za chumvichumvi hunyonya unyevu hewani. Mfuko ukipasuka garini, unga wake unashuka kwenye maungio, unakaa pale ukiwa majimaji hata siku ya jua. Samaki wa chumvi ni vivyo hivyo, na mkojo wa ng'ombe pia. Halafu kuna mrututu, ile dawa ya rangi ya samawati. Chukua kisu cha chuma, kitumbukize ndani ya maji ya mrututu, baada ya dakika chache utaona kimevaa rangi nyekundu ya shaba. Hicho si kisu kilichopambwa, ni kisu kinacholiwa: chuma kinayeyuka na shaba inashika nafasi yake. Ndiyo maana wazee walituambia tusichanganyie mrututu kwenye ndoo ya bati. Ukimwagika garini hula chasisi, na ile bodi ya alumini huitoboa vibaya zaidi. Ajabu yake ni kwamba dawa hiyo hiyo inayozuia kutu ya majani shambani ndiyo inayoleta kutu kwenye gari. Basi siku ukibeba mbolea au dawa, osha gari kwa maji mengi safi siku hiyo hiyo, na uoshe kwa chini hasa.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Mara ya pili tuliifanya kwa utulivu, na kwanza kabisa tuligombana juu ya majira. Kazi hii inataka ukavu. Chuma kikishasuguliwa kikawa cheupe, ukungu wa asubuhi wa huku kwetu milimani unatosha kukigeuza rangi ya chungwa kabla hujanywa chai. Kiangazi ndicho chake. Lakini kiangazi ndio wakati wa kuvuna kahawa, na gari linatakiwa kila siku! Wengine walisema tuifanye nusu nusu, jioni jioni. Mimi nilikataa, na kwa mara hii nilikuwa na haki. Tulingoja mavuno yaishe, tukaanza mwezi wa kumi, jua kali na mvua bado. Ikiwa huwezi kupata majuma mawili makavu mfululizo, afadhali uoshe gari, uzibue vitundu, ungoje mwaka ujao.

Kabla hujaingia chini ya gari, usiliamini jeki. Jeki ni la kuinulia, si la kulalia. Zuia magurudumu kwa mawe makubwa, kisha weka chini ya ekseli magogo ya mti mgumu yaliyopangwa kwa kupishana, au stendi za chuma kama zipo. Sukuma gari kwa bega. Likitikisika, panga upya. Hapa sina mzaha.

Kisha toa tope lote. Usidhani ni dogo. Sisi tulijaza madebe mawili, na sehemu kubwa ilitoka mahali pasipoonekana: juu ya boriti pale bodi inapolalia, juu ya tangi, na ndani ya zile pembe za madigadi. Udongo mwekundu uliokaa pale ni kama kitambaa chenye maji kilichofungwa juu ya kidonda. Hukauka nje, ndani ukabaki na unyevu mpaka mvua nyingine. Tulikwangua kwa kijiti, tukaosha kwa maji na sabuni ili mafuta yatoke, tukaliacha gari siku tatu juani.

Baada ya hapo chukua nyundo ndogo, ugonge chasisi yote kutoka mbele hadi nyuma, inchi kwa inchi, huku unasikiliza. Mnajua jinsi ya kugonga nazi kabla ya kuinunua. Chuma kizima hulia; chuma kilichooza hutoa sauti butu. Pale penye mashaka, chokonoa kwa bisibisi bila huruma. Ikipenya, shukuru Mungu kwamba imepenya bisibisi kabla ya springi. Tazama sana boriti ya nyuma kabisa, kwa sababu magurudumu huirushia tope kila siku. Mikono ile midogo inayotoka ubavuni kushika bodi. Na kila mahali springi inaposhikwa. Tazama pia ule ukuta ulio kati ya injini na abiria, pale dereva anapokanyagia miguu. Ule ni chuma, si alumini.

Pakiwa pameoza, pakatwe. Fundi wengi watakwambia, aah, tubandike kiraka juu, yatosha. Kataa. Kiraka juu ya kutu kinaacha mfuko wa unyevu katikati, na moto wa kuchomelea hauwezi kushika chuma kilichokuwa karatasi. Mnapopogoa tawi lenye ugonjwa mnakata mpaka mwone mti mzima wenye uhai. Fanyeni hivyo hivyo hapa, ndipo chuma kipya chenye unene uleule kichomelewe, kizunguke chote pasibaki ufa. Kabla ya moto kuwaka, betri itolewe nyaya zake, na tangi litolewe kabisa. Kwa gari nyingi za aina hii liko chini ya kiti. Wala msiseme tangi ni tupu. Tangi tupu limejaa mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka. Kuchomelea kote kumalizike kwanza, rangi baadaye. Ukianza na rangi, moto utaiunguza pande zote mbili na upande wa ndani hutauona.

Sasa sugua. Hii ndiyo kazi inayochosha, na ndiyo watu wanayoiruka. Tindo kwa magamba makubwa, brashi ya waya, msasa, mpaka chuma kiwe cheupe. Vaa miwani, waya mmoja wa brashi ya mashine unatosha kukutoa jicho. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi ndani yake, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo lowesha kidogo unaposugua rangi kuukuu, usifanyie kazi hiyo penye watoto na kuku, na ukaushe vizuri kabla ya kuendelea.

Pale ambapo kutu imechimba vishimo visivyofikika, tumia ile dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori inayouzwa kwenye maduka ya rangi. Inaigeuza kutu kuwa ganda jeusi lililotulia. Vaa glovu, fuata maandishi ya kopo. Lakini haifanyi muujiza: ganda nene la kutu litakunywa dawa juu na kubaki bichi chini. Ni kwa masalio tu.

Rangi ya msingi ipakwe siku hiyo hiyo, jua likiwa bado lipo. Kuna ile yenye unga wa zinki. Mabati ya nyumba zetu nayo yamevishwa zinki, na mmeona kwamba bati likikwaruzwa na msumari haliharakishi kuota kutu. Zinki inajitoa iliwe yenyewe badala ya chuma. Rangi hiyo ni nzuri sana, kwa sharti moja, iguse chuma cheupe moja kwa moja. Ukiipaka juu ya lile ganda la dawa haina la kufanya, kwa hiyo mahali hapo tumia rangi ya msingi ya kawaida ya kuzuia kutu. Anza kwa brashi ndogo kwenye kingo na kwenye mishono ya kuchomelea, kwa sababu rangi hukimbia kingo ikawa nyembamba, na kutu inajua hivyo. Halafu ndipo upake kote. Tulijifunza ujanja mmoja mzuri: mkono wa kwanza rangi nyekundu, wa pili kijivu, wa tatu nyeusi. Ukiona wekundu unachungulia, unajua pale uliporuka. Ukipaka zote nyeusi, hutajua.

Na lami? Sasa hivi, juu ya chuma kisafi chenye rangi iliyokauka, lami au ile rangi nene ya chini ya gari si mbaya kwenye sehemu zinazopigwa mawe. Hatujaipaka hata hivyo. Tunapenda kuona.

Rangi ya nje ikiisha, watu hufunga vifaa na kwenda zao. Lakini kumbukeni chasisi yetu ilioza kutoka ndani. Huko brashi haifiki. Madukani mjini kuna nta ya kupulizia ndani ya maboriti. Inatambaa, inaingia kwenye mishono, haikauki ikawa ngumu kama rangi. Tulimwomba fundi wa matairi atusaidie kwa mashine yake ya upepo, tukafunga mpira mwembamba uliotobolewa vitundu mwishoni, tukausukuma ndani mpaka mwisho, tukauvuta polepole huku unapuliza. Usiwe na haraka. Ngoja mpaka uone nta inadondoka kupitia vitundu vya chini. Kijana mmoja alishauri tutumie bomba la kunyunyizia kahawa. Bomba lenye mabaki ya mrututu! Tulimkatalia kwa pamoja. Usipopata nta, grisi iliyolegezwa kwa oili mpya inasaidia, ipashwe joto ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na irudiwe kila mwaka. Usiielekeze kwenye breki wala kwenye ekzosi.

Najua wengi hupiga chini ya gari oili chafu iliyomwagwa kwenye injini. Ni ya bure, ndiyo maana inapendwa. Lakini oili hiyo ina asidi na masizi, inalegeza mipira ya breki na bushi za springi, haifai kwenye ngozi ya mtu, na inadondokea uwanjani mnapoanikia kahawa. Iacheni.

Tulipokuwa tunarudisha bodi tukaona unga mweupe mahali alumini ilipokuwa inalalia chuma. Madini haya mawili yakigusana penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Tulikata vipande vya mpira kutoka tyubu kuukuu ya tairi, tukaweka kati yake kila mahali, na boti tukazipaka grisi.

Kazi yote ilituchukua siku 16, watu watatu, na fundi mmoja wa kuchomelea kwa siku nne kati ya hizo. Vile vitundu vya kutolea maji tulivizibua upya baada ya rangi na baada ya nta, maana vyote viwili huviziba. Sasa kila mvua inapopita tunaingiza spoku ya baiskeli katika kila kitundu, kimoja kimoja, tunaizungusha mpaka tope litoke. Ni kazi ya robo saa. Tumempa mpwa wangu, yule wa mguu, na hatujawahi kumkumbusha.